Kiti Kilichokunywa Maji

Leo sitaandika juu ya mambo makubwa. Nataka kuwaelezea habari ya viti. Ndani ya habari hii kuna haya yangu mwenyewe, lakini nimekwisha kuzeeka, na haya haijamuua mtu.

Mimi ni fundi wa viti, yule ambaye watu wa mjini wanamwita garnisere. Kazi hii nilijifunza katika garaji ya kampuni, wakati tulipokuwa tukivika viti vya malori na vya mabasi ya wafanyakazi. Mwaka wa 2003 nilitoka, katika ile depar volonteri, pamoja na wenzangu zaidi ya 10 000. Feza tuliyopewa, kwangu iliisha mbele ya mwaka kuisha. Lakini mikono ilibaki. Nikanunua mashini ya kushona ya zamani, nikaweka meza chini ya mwembe mbele ya nyumba, na tangu siku ile ninavika viti: vya saluni, vya taksi-basi, vya pikipiki, hata kiti cha daktari mmoja wa meno.

Mwezi wa kumi wa 2021 bwana mmoja akafika na kamyoneti. Alikuwa na bustani ya karamu, pale watu wanapofanyia ndoa, upande wa kartye Golf. Nyuma ya kamyoneti alikuwa amebeba viti vinne vilivyopasuka: viwili vya kukalia na viwili vya kuegemea.

“Ni bya bigari byangu bya golfu,” akaniambia.

Labda wewe msomaji hujaona kigari cha namna hiyo. Ni gari dogo lisilo na milango, lina paa ya plastiki juu na viti vya watu wawili ao wane. Linatembea kwa batri, bila kelele, na mbio zake hazipiti sana za kinga. Wachezaji wa golfu wanalitumia kuzunguka uwanja wao. Hivi vyake vilikuwa E-Z-GO, kampuni iliyoanza mwaka wa 1954 huko Augusta, Marekani, mji ule ule wa mashindano makubwa ya golfu. Alivinunua vikiwa vimechoka, vikaingia kwa Kasumbalesa juu ya lori. Yeye mwenyewe hachezi golfu hata kidogo. Aliwaza hivi: bibi arusi mwenye nguo ndefu asikokote nguo yake katika mavumbi toka mlangoni mpaka kwenye hema, apande kigari pamoja na bwana yake, mama wapige vigelegele, na picha zitoke nzuri. Ni akili, siwezi kumkatalia.

“Papa, biti bilipasuka yote. Unaweza kubitengeneza? Lakini siko na makuta ya kupoteza.”

Tukabishana bei. Tukaangukia dola 90 kwa vyote, na vifaa ndani yake. Akatoa avansi ya dola 50 papo hapo.

Sasa nisikilize vizuri, maana makosa yanaanzia hapa, si kwenye sindano. Mtoto wetu wa tatu alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Masomo yalikuwa yamemrudisha nyumbani mara mbili juu ya feza, na egzameni ya Eta haingoji mtu. Asubuhi yake nikapeleka dola 40 kule. Nikabaki na dola 10 za kuvika viti vinne.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya hivi. Skai nilichukua kwa deni katika soko ya Kenya, kwa mama mmoja anayenijua. (Skai ni ile inayofanana na ngozi lakini si ngozi.) Musi, yaani ile sifongo ya ndani, nilikata katika matela ambayo jirani alikuwa anatupa. Agrafi za chuma cha kawaida nilikuwa nazo. Uzi wa pamba nilikuwa nao, ule wa kushonea nguo za watoto. Mbao ya chini, ile tripleksi, ilikuwa imelainika pembeni kama mkate uliolowana. Nikaigeuza ili upande mbaya usionekane. Halafu, kusudi patro aone kwamba alipata fundi, nikashona mistari mitatu ya urembo katikati ya kila kiti, kwa uzi mweupe juu ya skai ya rangi ya kahawa.

Mama ya watoto alikuwa anachambua sombe karibu yangu. Akaiminya ile musi na kidole.

“Baba, hii musi itakunywa mayi sawa mutoto.”

“Juu yake kuna skai,” nikamjibu. “Mayi itapitia wapi?”

Hakusema tena. Nanyi mnajua vile mwanamke anavyonyamaza.

Viti vilitoka vizuri sana. Patro alifurahi, akalipa dola 40 zilizobaki, nami nikalipa deni ya skai. Tukala nyama siku ya yenga.

Kwetu hapa mvua inafunguka mwezi wa kumi na moja, na wewe unaijua: asubuhi jua kali, saa nane mbingu inafunguka, saa tisa jua tena. Vigari havina ukuta, mvua inaingia kwa ubavu. Siku ya posho moja, kama saa kumi na moja ya mangaribi, simu ikalia. Patro hakunisalimu. Alisema tu: “Kuya. Kuya sasa hii.”

Nilipofika nikapelekwa katika chumba kidogo nyuma ya jikoni. Bibi arusi alikuwa amesimama katikati, mama watano wakimzunguka, na mmoja ameshika nguo nyeupe kwa nyuma juu ya beseni. Pale nyuma, mahali mtu anapokalia, palikuwa na maji, na ndani ya maji mistari mitatu ya rangi ya kutu. Mistari mitatu. Nilipoiona niliitambua, maana ni mimi niliyeichora.

Shangazi yake, mwanamke mrefu mwenye sauti, akauliza: “Nani njo alitengeneza hii kiti?”

Ningeweza kusema sijui. Patro alikuwa ananitazama.

“Njo miye, mama.”

Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonichoma. Msichana alinitazama mara moja, macho yamejaa, akageuza uso. Mmoja wao alikuwa amekwisha kufungua chupa ya javeli. Mama mwingine, anayefua manguo ya hospitali, akamkamata mkono: javeli juu ya kutu inazidi kuikaza, haiitoi. Wakatafuta ndimu na chumvi, wakasugua polepole, wakasuuza, wakasugua tena. Kutu ikapauka lakini haikutoka yote. Mwishoni shangazi akafungua kitambaa chake cha mabega, kile cha rangi ya dhahabu, akamfunga msichana kiunoni, nao wakatoka kucheza. Watu wengine wakafikiri ni mtindo mpya.

Nikaenda kwenye kigari. Niliminya kiti kwa ngumi, na maji yakapanda kupitia matundu ya sindano yangu.

Usiku ule nilielewa yote, bila mwalimu. Skai yenyewe haipitishi maji, lakini nilikuwa nimeitoboa mamia ya matundu kwa ajili ya urembo, na pale pale mahali maji yanasimama. Uzi wa pamba unavuta maji kama utambi wa taa. Musi ya matela ni laini, inajaa, na chini yake mbao haina pa kutolea maji. Kisha agrafi. Nilikuwa nimepiga agrafi nyingine juu ya mbao, chini ya ile mistari, ili skai ishuke na urembo uonekane vizuri. Zilikuwa za chuma cha kawaida, na chini ya kiti cha kigari hiki mnakaa batri: sita za volti 6, jumla volti 36. Ni batri za risasi na asidi, na zinapopata moto wa umeme zinatoa mvuke. Mvuke huo unakula chuma upesi kupita mvua yenyewe. Majuma matano tu, na agrafi zangu zilikuwa zimegeuka unga mwekundu. Mtu anapokaa, maji yanaminywa na kupanda pamoja na ule unga.

Patro alikuwa na haki. Alisema nitengeneze upya bila malipo, na nilipe kufuliwa kwa ile nguo kwa mtu wa presingi. Dola 12 kwa nguo. Kwa viti, yeye hatatoa hata falanga moja. Na mimi nyumbani sikuwa na kitu.

Mama ya watoto alikuwa na likelemba na wanawake wengine wanane. Zamu yake ilikuwa inafika juma lile lile. Alikuwa anangoja feza ile tangu miezi minane, anunue makayabu kwa bei ya jumla na kuanza kuuzisha sokoni. Sikumuomba. Siwezi kudanganya, niliwaza kumuomba, lakini mdomo ulikataa. Siku ya nne yake akaweka feza juu ya meza ya mashini, chini ya makasi ili upepo usiipeperushe. Alisema neno moja tu: “Sasa unisikilize.”

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuvika kiti kwa feza kidogo, kiwe cha kigari, cha pikipiki ao cha taksi, nitakuambia vile tulivyofanya mara ya pili. Ninasema tulivyofanya, kwa sababu aliketi karibu yangu siku zote tatu.

Kutoa viti haikuwa kazi: kile cha kukalia kinainuliwa tu, cha kuegemea kina visi. Lakini kumbuka kwamba ukiinua umesimama juu ya batri. Vua saa na mkufu, usiangushe funguo ya chuma juu ya vichwa vya batri, na usivute sigara pale, sababu hewa ya batri inapowekwa umeme inaweza kulipuka. Tulikuta unga mweupe wa asidi kwenye chuma cha kigari. Tukauosha na bikarbonati ndani ya maji, ile ile ya mandazi. Ikatoka povu, na ikatulia.

Skai yangu ilikuwa ingali mpya, lakini ina matundu. Sikuitupa. Tuliikata vipande vya kuvika mgongo wa nyuma wa viti vya kuegemea, pale mvua haisimami, na ile ya pale ikarudi kwenye meza kwa kazi ndogo ndogo. Kwa viti vya kukalia tulinunua skai mpya, mita moja na nusu tu, ile yenye kitambaa cha kuvutika chini yake. Rangi tulichagua ya udongo mweupe. Nyeusi ina bei chini, lakini katika jua la mwezi wa kumi utaunguza miguu ya watu.

Hapa ndipo mama alinishangaza. Nilikuwa nimekwisha kutoa chaki ili nichore vipande vya kushona: juu, mbele, mbavu mbili. Akaniuliza: “Sababu gani unakata? Daftari ya mutoto tunaifunika na karatasi moja tu.”

Nikasimama na chaki mkononi. Miaka karibu thelathini ya kazi! Katika garaji ya kampuni tulikuwa tukishona kwa sababu viti vya malori vilikuwa na umbo la kushona. Lakini hiki ni sanduku tu, urefu kama mita moja, upana nusu mita. Kipande kimoja kinatosha, unakunja pembe chini kama karatasi ya daftari. Bila mshono hakuna tundu, na bila tundu maji hayana mlango. Tena hakuna uzi wa kununua. Kazi ya bei chini kabisa ndiyo iliyokuwa kavu kabisa, nami nilikuwa nimelipia urembo ili nilete mvua ndani.

Pale tusipoweza kuokoa feza ni ndani. Mbao: nilichoma pembeni na msumari, ukaingia kama katika ndizi. Tukanunua tripleksi ya milimita 12, nikakata nikifuata ile ya zamani, nikapaka rangi ya mafuta mara mbili pande zote na kwenye kingo, halafu nikatoboa matundu sita ya ukubwa wa kidole ili maji yakiingia kwa bahati mbaya yapate pa kutokea.

Musi: niliitafuta ile ya zamani ya viti, iliyokuwa ingali kwenye pembe ya nyumba yangu. Kumbe ilikuwa nzima! Ilikuwa imevunjika upande mmoja tu, ule wa dereva, pale mtu anaposerereka akishuka. Mimi nilikuwa nimeitupa nzima kwa sababu ya upana wa mkono mmoja. Ujaribu hivi: bonyeza kwa ngumi, uachilie. Ikirudi upesi, ingali na uhai. Tulikata ile sehemu mbaya kwa kisu kirefu cha mkate, tukapachika kipande cha musi ngumu. Kole unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka isishike tena kidole, kisha unakutanisha mara moja tu, maana haikubali kurudiwa. Juu yake tukaweka plastiki nyembamba, ili skai iteleze vizuri na iwe kizuizi cha pili.

Agrafi: hapo ndipo feza ya makayabu iliendea. Unahitaji za inoksi, milimita 10, ili zisitoboe mbao ya 12. Katika kenkayeri moja walinionyesha boksi wakisema ni inoksi. Nilikuwa na sumaku niliyotoa katika bafle ya redio iliyokufa. Nikaisogeza: agrafi zote zikaruka na kushika. Inoksi nzuri sumaku haiishiki, ao inaishika kwa uvivu sana. Kenkayeri ya tatu ndiyo iliyosema kweli. Boksi lilikuwa kubwa kwetu, tukagawana na fundi mwenzangu wa Kamalondo.

Kabla ya kuvuta, laza skai juani nusu saa ilainike. Halafu agrafi moja katikati ya mbele, moja katikati ya nyuma, moja kila ubavu. Kutoka pale unaenda kidogo kidogo kuelekea pembe, mbele na nyuma kwa zamu. Wengi wanaanza kwenye pembe, na kiti chao kinakuwa na makunyazi kama uso wangu. Pembe ni za mwisho: mkunjo mmoja, unatazama chini, agrafi tatu. Zote zinapigwa chini ya mbao, hata moja isibaki juu. Pembe ya kwanza nilivuta mara nne. Mama alikuwa anasema “toa”, nami natoa.

Tulipomaliza, sikurudisha viti siku ile. Niliviweka mbele ya nyumba usiku wote katika mvua. Asubuhi nikavaa suruali yangu ya kijivu, ile ya siku ya yenga, inayoonyesha hata tone, nikakaa pale mpaka chai ikaiva. Majirani walicheka sana. Nikasimama, nikageuka, mama akatazama suruali nyuma.

“Kauka,” akasema.

Patro alivipokea bila maneno mengi. Feza ya likelemba nilirudisha kidogo kidogo, ikachukua miezi saba, na makayabu yakaanza mwaka uliofuata. Mtoto alipita egzameni yake na asilimia 58. Si nyingi, lakini alipita. Juu ya ile nguo, mtu wa presingi alisema alitoa kutu karibu yote. Sikupata ujasiri wa kuuliza tena.

Halafu, mwezi wa nne wa 2022, gari likasimama mbele ya mwembe, na yule shangazi mrefu akashuka. Moyo wangu ulianguka. Nyuma yake kijana alikuwa anashusha viti vinne vya saluni, skai imepasuka. Hakukaa, hata nilipompa kiti. Alitazama mashini, akatazama musi iliyopangwa kwenye ukuta, akanyosha mkono wake mbele yangu.

“Papa fundi, kwanza unionyeshe agrafi.”

Nikaingia ndani kuchukua boksi na ile sumaku.